Stakabadhi ya Upekuzi

Makarani wenzetu, ofisini hatutoi hata shilingi moja bila stakabadhi. Lakini polisi wajapo kupekua nyumbani, twaacha mali ichukuliwe bila karatasi. Yatupasa kuona haya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, yaagiza hati ya upekuzi itumike baina ya macheo na machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Na vitu vitwaliwavyo viandikiwe stakabadhi, yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo. Kwa dharura kubwa askari aweza kuingia bila hati. Basi msimzuie, wala msimtukane. Ulizeni hati, isomeni, shuhudieni upekuzi, kisha dai stakabadhi. Msomaji wa mafaili asishindwe na karatasi moja mlangoni pake.