Waya mweusi wa Kasumbalesa

Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaochelewa kusoma. Itangoja. Siku ya posho nilianguka kutoka juu ya kiti nikibadilisha ampulu, na nilichojifunza nyuma yake nataka kifike katika kila lupango kabla mvua hazijaanza.

Ampulu ya chumba cha wageni ilikuwa imekufa. Nilizima enterupteri, kama vile mama yangu alivyonifundisha. Nikapanda kiti cha chuma, miguu bila viatu, kwa maana nilikuwa nimetoka kuosha sakafu. Kidole kikagusa chuma cha pale ampulu inapofungwa. Kuran ikanipiga, nikajikuta chini, mkono umekufa ganzi hadi begani. Binti yangu alicheka, akidhani ninacheza.

Kuran ilitoka wapi, na enterupteri imezimwa? Nilimwita fundi mzee wa mtaani kwetu. Alifungua sanduku la enterupteri, akatazama waya kwa muda, akaguna. "Mama Mwalimu," akasema, "hapa wamepita mafundi wawili, na kila mmoja amesoma katika nchi yake."

Sikilizeni vizuri. Kuran inahitaji waya mbili. Mmoja unaileta, nao ndio unaoua: mafundi wanauita fazi. Wa pili unairudisha, ni netre. Enterupteri inapaswa kukata fazi. Ikikata netre, ampulu inazimika vilevile na hakuna anayeona tofauti, lakini kuran inabaki juu pale, inangoja kidole.

Fundi anajua kipi ni kipi kwa rangi, na hapo ndipo shida ya mji wetu inapoanza. Mafundi wetu wengi wamesoma kwa sheria za Kibelgiji na Kifaransa: netre ni bluu, fazi ni kahawia, nyeusi au nyekundu. Lakini waya nyingi madukani zinapita Kasumbalesa, zimetengenezwa kwa desturi ya Kiingereza, ambayo Afrika Kusini inaifuata hadi leo ndani ya kuta: nyekundu ni fazi, na nyeusi ni netre. Yaani waya mweusi kwa mmoja ni wa kifo, kwa mwingine hauna neno. Kwangu, fundi wa kwanza alinunua waya nyekundu na nyeusi. Bluu hakuna, akajichagulia nyeusi kuwa fazi. Miaka miwili baadaye akaja mwingine aliyefanya kazi ng'ambo ya mpaka. Aliona nyeusi, akasema hii ni netre, akakata nyekundu. Hakupima. Wote wawili walilipwa, na mimi nilipika chai ya kuwashukuru.

Waingereza wenyewe wameacha rangi hizo. Tangu mwaka 2004 walianza kutumia kahawia na bluu kama jirani zao, na tangu Aprili 2006 kazi mpya zote kwao ni hivyo. Wabelgiji wameandika upya sheria yao ya kuran, ikaanza kazi tarehe 1 Juni 2020. Wafaransa nao wametoa yao mpya mwaka 2024. Kwa hiyo fundi aliyesoma miaka ishirini iliyopita na kijana aliyetoka shuleni mwaka huu hawana kitabu kimoja, hata kama wote ni waaminifu. Rangi moja tu haina ubishi siku hizi kwa wote hao: manjano na kijani pamoja, ndiyo ya tere, inayokwenda udongoni. Mkiona fundi anaitumia kama fazi kwa sababu waya nyingine zimemwishia, msimamisheni hapo hapo.

Huo waya wa tere ndio tunaoudharau kuliko wote. Fundi anasema "taa itawaka tu bila huo", na ni kweli, itawaka. Lakini frigo ikiharibika ndani, kuran inaingia katika chuma chake. Kama tere ipo, kuran inakimbilia udongoni na disjonkteri inakata. Kama haipo, inamngoja mtoto aliyetoka kuoga. Nimesikia bamama wakisema "frigo yangu inachoma kidogo, tumezoea". Msizoee, mama zangu. Ichomoeni leo.

Na tena Kasumbalesa. Frigo inayotoka upande ule ina kichwa chenye meno matatu ya mraba. Prizi zetu ni za matundu ya duara, basi tunakata kichwa, au tunanunua kile kiunganishi kidogo cha meno mawili. Vyote viwili vinaacha tere nje. Tena ndani ya kichwa kile cha Kiingereza mna fyuzi ndogo inayolinda kamba ya frigo, nayo tunaitupa pamoja na kichwa. Afadhali fundi abadilishe prizi ya ukutani kuliko kukata kichwa.

Sasa resho. Najua makala yamepanda, na kuran ikirudi usiku kila mtu anakimbilia kupika bukari. Mimi pia. Tufanye hesabu kama darasani. Gawanya wati kwa 220, utapata ampea. Resho ya wati 2000 inavuta ampea 9. Birika ya wati 2000, 9 nyingine. Pasi ya wati 1000, zaidi ya 4. Jumla ni zaidi ya 22, na vyote vimechomekwa kwenye ralonji moja iliyoandikwa ampea 10. Waya unapata moto ndani ya ganda lake kabla hujaona moshi. Waya wa prizi ukutani uwe wa milimita za mraba 2.5, wa taa 1.5, na jiko kubwa la kuran liwe na waya wake peke yake, wa 6. Disjonkteri ikiruka mara kwa mara, msikubali fundi aweke kubwa zaidi ili "isisumbue". Kusumbua ndiyo kazi yake.

Juu ya waya za nje nitasema machache. Mnakumbuka Matadi Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022: kebo ya kuran kubwa ilikatika ikaanguka sokoni, chini kuna maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa wamekwenda kuuza na kununua. Waya ukianguka, usiusogelee hata kama unaonekana umekufa, wala usikanyage maji yaliyo karibu nao. Na mtu akishikwa na kuran nyumbani, usimshike. Kata kuran kwanza, kwenye disjonkteri kubwa.

Yule fundi mzee alirudisha waya zangu mahali pake, akafunga utepe wa bluu kwenye kila netre ili atakayekuja asikosee. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikuwa nacho: disjonkteri ya diferansieli, ya miliampea 30, inayokata kuran inapoanza kupita katika mwili wa mtu. Ina kibonye kidogo kilichoandikwa T. Ukikibonyeza mara moja kwa mwezi na isikate, imekufa. Nimenunua, kwa kuacha kitambaa cha Krismasi.

Katika mkutano wetu ujao fundi huyo amekubali kuja na vipande vya waya za rangi zote. Kila mama aje ameandika kwenye karatasi wati za vyombo vyake. Zimeandikwa nyuma au chini ya kila chombo. Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga amlete na mwenye lupango, kama atakubali.