Ruzuku ya Mbolea na Daftari la Mkulima

Wako wakulima wanaodhani kwamba ruzuku ni zawadi, na zawadi haiulizwi hesabu. Sivyo. Gunia la mbolea likiuzwa kwa bei nafuu, bei yake kamili haikufutika. Sehemu moja hulipwa na mkulima, na sehemu iliyobaki hulipwa na hazina ya Serikali, yaani kwa kodi ya watu wote, na ya mkulima huyo pia.

Mfano mwema ni Kaunti ya Trans Nzoia, ambako mahindi ni riziki ya nyumba nyingi. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani pote, na gunia la kilo 50 liliuzwa madukani yapata shilingi 6,500. Mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali ilishusha bei ya mbolea yake hata shilingi 3,500, na mwaka 2023 hata shilingi 2,500.

Mwenye ekari mbili za mahindi huhitaji yapata magunia mawili ya kupandia na mawili ya kukuzia. Kwa kulinganisha na bei ya dukani ya 2022, mkulima huyo alibakiwa na shilingi 16,000. Hiyo si fedha haba. Lakini akikodi gari peke yake kwenda ghalani, sehemu ya faida humezwa njiani. Majirani watano wakikodi gari moja, kila mmoja hurudi na kitu mfukoni.

Ili kuipata mbolea hiyo, ilimpasa mkulima ajiandikishe kwa chifu au naibu wake, ataje nambari ya kitambulisho na ya simu, ukubwa wa shamba na aina ya mazao. Kisha alipelekewa ujumbe kwa simu, ndipo aende katika ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao.

Hapo ndipo palipo na mitego miwili. Wa kwanza ni uongo. Mwenye ekari mbili akiandikisha kumi, magunia ya ziada hayaoti kitu shambani mwake. Huishia kwa mchuuzi, na jirani aliyesema kweli hukuta ghala tupu. Wa pili ni uzembe. Karani aliye kazini Nairobi huandikisha simu yake mwenyewe, hali mkewe ndiye anayelima Kitale. Ujumbe hufika mjini, mvua hunyesha shambani, na mbegu hupandwa bila mbolea. Yafaa aandikishwe yule ashikaye jembe.

Kisha mwaka 2024, mwezi wa Machi, wakulima wakiwa katika maandalizi ya kupanda, ilijulikana kwamba mbolea isiyofaa ilikuwa imeuzwa katika mpango huo huo wa ruzuku. Serikali iliisimamisha, ikaahidi kuwafidia walioinunua. Kosa halikuwa la mkulima, lakini hasara ilimwangukia yeye kwanza, kwa maana fidia huweza kurudisha gunia, haiwezi kurudisha mvua.

Katika shida ya namna hiyo, mkulima asiye na karatasi hana ushahidi ila maneno yake. Mbolea imekwisha fukiwa, na gunia tupu limegeuzwa mkeka. Mwenye busara huweka stakabadhi yake. Huandika katika daftari tarehe aliyonunua, aina ya mbolea, idadi ya magunia na sehemu ya shamba alikoitia. Tena huhifadhi kiasi kidogo katika chupa kavu mpaka mahindi yaote vema. Akiona mbolea ina dalili mbaya, humwita Bwana Shamba kabla ya kupanda, si baada.

Serikali hupunguza bei. Kulinda faida yake ni kazi ya mkulima. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.