Kinyesi cha panya garini kisifagiwe kikavu

Huko Marekani na Canada, familia nyingi zina magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo, ambayo huwa nyumba yao wakati wa likizo. Majira ya baridi magari hayo huegeshwa kwa miezi kadhaa. Theluji ikiyeyuka, mzazi hufungua mlango, huona kinyesi cha panya chini ya kitanda, na papo hapo hushika ufagio. Hapo ndipo hatari huanzia.

Baadhi ya panya wa mwituni wa huko hubeba virusi vya hanta. Kinyesi na mkojo vikishakauka, kufagia huvirusha virusi hewani pamoja na vumbi. Anayevuta hewa hiyo anaweza kupata homa na maumivu ya misuli wiki 1 hadi 8 baadaye, kisha mapafu yakajaa maji. Ugonjwa huu huua.

Kwanza, milango na madirisha yafunguliwe kwa dakika 30, watu wote wakiwa nje. Anayesafisha avae glavu, auloweshe uchafu kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, angoje dakika 5, ndipo aufute kwa karatasi na kuitupa. Watoto wakae mbali.

Baada ya hapo, tangi na mabomba ya maji yasafishwe, na king'ora cha kaboni monoksaidi kijaribiwe. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mtu akipata homa wiki chache baadaye, amweleze daktari habari za panya bila kungoja kuulizwa.