Kibatari siyo kichekesho

Kuna mtu Marekani ana makumbusho ya mtandaoni ya mifuko ya kutapikia, ile tunayoikuta mbele ya kiti ndani ya ndege. Siyo utani. Kila mfuko una picha yake na jina la shirika lililoutoa. Wapo pia wanaokusanya vibandiko vya ndizi. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka mpaka bando likaisha. Sasa nawaonea wivu.

Maana angalia sisi tunavyokusanya. Zile picha za "Afrika hii bwana" unazijua: kibatari cha kopo la maziwa, katambuga za tairi, sufuria lenye viraka. Jina la fundi hakuna, mji hakuna, mwaka hakuna. Kilichopo ni safu ya vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Yaani mfuko wa matapishi unajulikana kwao, kibatari hakijulikani! (Kanga ina bahati, imevaa maneno yake yenyewe.)

Na wabaya zaidi ni sisi waandishi wa habari, tunaoziokota picha hizo kujazia ukurasa. Hata mimi niliweka ya kibatari, na maneno ya kejeli juu yake. Mama akanipigia kutoka Chanji: "Mwanangu, hicho si ndicho ulichosomea darasa la saba?" Sikuwa na jibu. Akaanza kunieleza yule fundi bati alivyokata kopo, akakunja kijibomba cha utambi, akaunga kitako kwa risasi ili mafuta yasivuje. Alishafariki. Taa za sola zilipoingia, hakuna aliyetaka kujifunza kazi yake.

Ufipa tumeshaipata hasara hii. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kikahamia tanuri dogo, hilo sasa lenye mivukuto, kikasafishwa, ndipo kikafuliwa jembe. Majembe ya kiwandani yakaja, moto ukazimika. Leo muulize kijana wa rika langu nani alijenga lungu lile pale, atakuambia "wazee", basi.

Wapo wanaosema kukihifadhi kibatari ni kuusifu umaskini. Moshi wake naujua, asubuhi tuliamka na pua nyeusi, sitaki kirudi. Lakini mtu aliyegeuza takataka kuwa taa alikuwa na akili na mikono, tena alikuwa na jina. Na tusisubiri Makumbusho ya Taifa yatume gari Sumbawanga kufuata kopo. Simu tunazo.

Mama bado anacho, uvunguni. Nimemwomba akipige picha kwa mbele, kisha akigeuze apige na kitako palipoungwa. Jina la kwanza la fundi analikumbuka. La baba yake atamuuliza mjane Jumapili, wakitoka misa.