Maskini na Mzigo wa Kuthibitisha

Tarehe 4 Julai 2025, siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wa nchi yao, Rais Donald Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na matumizi ya serikali, na katika kurasa zake nyingi mlikuwamo vifungu vinavyogeuza masharti ya Medicaid, bima ya afya ya mafukara iliyoasisiwa mwaka 1965 katika utawala wa Rais Lyndon Johnson, pamoja na masharti ya SNAP, msaada wa kununulia chakula. Mambo haya yatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa, kwani katika mwaka wa fedha wa 2024 nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote waliopokewa Marekani ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo watu wake walikaribia 20,000, na miongoni mwao wamo waliokulia katika kambi za Nyarugusu na Kyangwali, ambao Kiswahili ndicho wasemacho majumbani mwao.

Sharti lililo kubwa ni hili: ifikapo Januari 2027, mtu wa miaka 19 hadi 64 aliyeingia Medicaid kwa mlango uliopanuliwa na sheria ya afya ya mwaka 2010 atatakiwa athibitishe kwamba hutumia saa 80 kila mwezi katika kazi, mafunzo au huduma ya kujitolea, isipokuwa awe na udhuru unaokubalika, kama vile ujauzito, maradhi mazito au malezi ya mtoto mdogo, na kustahiki kwake, ambako aghalabu kulipitiwa mara moja kwa mwaka, sasa kutapitiwa kila miezi 6. Wanaoiunga mkono sheria husema kwamba mwenye nguvu na afanye kazi ndipo asaidiwe. Hujja hiyo si ya kubezwa, kwani kwetu pia uvivu haukupata kusifiwa. Lakini wengi wa watu wazima walio katika Medicaid tayari wanafanya kazi, au wanauguza, au ni wagonjwa, au wako masomoni, na hao sharti haliwaongezei kazi yoyote ila ya kujaza fomu.

Jimbo la Arkansas lilikwisha kulijaribu jambo hili mwaka 2018. Katika miezi ya mwanzo taarifa za saa za kazi zilipokewa kwa njia ya intaneti peke yake, katika jimbo ambalo sehemu zake nyingi za mashamba hazina intaneti ya kutegemewa, na tovuti yenyewe ilikuwa ikifungwa saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, kana kwamba maskini naye hushinda ofisini. Kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamefutwa. Mmoja wao, mfanyakazi wa kiwanda cha kuku aliyekuwa na maradhi ya mapafu, alikuwa akizitimiza saa zake na kuzidi. Aliripoti mara moja akadhani yatosha, kumbe ilimpasa kuripoti kila mwezi, wala hakujua kwamba bima imekatwa mpaka aliposimama katika duka la dawa akaambiwa atoe mamia ya dola. Akarudi mikono mitupu, akazidiwa, akalazwa, kisha na kazi yenyewe ikampotea. Watafiti wa Harvard waliolichunguza jaribio hilo hawakuona kwamba watu walioajiriwa wameongezeka, na Machi 2019 hakimu wa shirikisho, James Boasberg, akalisimamisha.

Ushahidi mwingine ni wa juzi tu. Ulinzi wa zama za korona ulipoondolewa mwaka 2023, na majimbo yakaanza kuwapitia watu upya, zaidi ya milioni 25 waliondolewa katika Medicaid, na takriban 7 katika kila 10 kati yao waliondolewa kwa kasoro za utaratibu, bila ya kuthibitika kwamba hawastahiki: barua imekwenda anwani ya zamani, fomu haikurudi kwa wakati, simu haikupokewa. Sasa barua kama hiyo na imfikie mama aliyetoka kambini, ambaye mpango huo akiwa Tennessee huitwa TennCare, na akihamia California huitwa Medi-Cal. Imeandikwa Kiingereza cha ofisini, naye mkalimani wake ni mwanawe wa darasa la sita, ambaye analazimika kumuuliza mamaye habari za kipato chake na za maradhi yake ya ndani. Mtoto akikosea mstari mmoja, nyumba nzima imekosa daktari. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani yenyewe imekadiria kwamba kwa sababu ya sheria hii watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ifikapo 2034.

Ama wakimbizi, hao wametendewa jambo zito zaidi. Wengi wao walikaa miaka mingi wakisailiwa, wakichukuliwa alama za vidole, wakipimwa afya na kuulizwa hadithi ile ile mara kwa mara kabla ya kupandishwa ndege kwa idhini ya serikali iliyowaalika, hata yamkini hapana maskini nchini humo ambaye karatasi zake zimekaguliwa kuliko zao. Na bado sheria mpya imewaondoa katika SNAP, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 itawaondoa katika Medicaid, mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ambao mkimbizi huruhusiwa kuuomba akishatimiza mwaka mmoja nchini. Msaada wa fedha wa wakimbizi wapya nao ulipunguzwa mwaka 2025 kutoka miezi 12 hadi 4. Kisha Novemba 2025 idara ya uhamiaji ikasimamisha kuidhinisha maombi ya ukaazi ya wakimbizi walioingia katika miaka ya Rais Biden, ili faili zao zipitiwe upya. Basi mtu ameambiwa asubiri karatasi, na mwenye kuitoa karatasi ameizuia. Sioni insafu yoyote katika hilo, na siamini kwamba mtu mwenye moyo angeiona. Hata majimbo yaliyosifika kwa ukarimu yamerudi nyuma: Illinois ilifunga Julai 2025 mpango wake wa bima ya afya kwa wahamiaji wa miaka 42 hadi 64, na Minnesota ikawatoa katika mpango wake watu wazima wasio na vibali mwishoni mwa mwaka huo huo.

Yapo hata hivyo yaliyo mikononi mwa magavana na maofisa wao, wala hayangoji hisani ya Washington. Kila robo mwaka waajiri hupeleka serikalini rekodi za mishahara kwa ajili ya bima ya wasio na kazi, na sheria yenyewe inayataka majimbo yatazame taarifa yaliyo nazo kabla ya kumsumbua mtu. Jimbo likizitumia rekodi hizo kwa uaminifu, mfanyakazi wa kiwandani hatakuwa na haja ya kuthibitisha lile ambalo serikali inalijua. Na kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, kama ilivyofasiriwa kwa miaka mingi, anayepokea fedha za shirikisho hana budi kumhudumia mtu kwa lugha aielewayo. Basi Wakongo hao na waandikiwe Kiswahili, kwa maneno yaliyo wazi, tarehe ya mwisho ikiwa mstari wa kwanza wa barua, na nambari ya simu chini yake iwe ya mtu atakayepokea.