Ramani Haipandi Lyamba

Imedaiwa kwamba mipaka ya majimbo iachiwe wataalamu na hesabu ya sensa, kwa kuwa raia akishika kalamu ya ramani atachora tamaa ya ukoo wake. Dai hili lachechemea tangu hatua ya kwanza: Ibara ya 75 ya Katiba ya Tanzania yaiagiza Tume ya Uchaguzi izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na hayo ni nani ayajuaye kumshinda ayakanyagaye kila siku? Litazameni jimbo la Kwela: Laela iko juu, penye baridi na mahindi, Mtowisa iko bondeni, penye joto na mpunga, na kati yake umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ambao karatasini ni uzi mwembamba, lakini kwa mama mwenye furushi kichwani, njia ikiwa imeloa mvua, ni mashaka matupu. Sensa ya 2022 ilihesabu vichwa, haikuhesabu miteremko. Ama tamaa, hiyo haikuumbiwa wanakijiji peke yao, na dawa yake ni ramani kuchorwa hadharani, katika mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye kuogopa macho ya watu asipewe kalamu.