Alama tatu za sawasawa si hirizi

Anayeanza kujifunza JavaScript hulishwa maneno kabla hajaandika hata mistari kumi. Mengi ni nusu ya ukweli.

Wanasema lugha hii haina aina za data. Inazo. Andika typeof 5, itakujibu "number". Andika typeof "5", itakujibu "string", yaani maandishi. Kisichofungwa ni jina la kigeu, ambalo sasa hivi hubeba namba na baadaye maandishi. Kasoro ya kweli ni typeof null kujibu "object". Ni kosa la tangu enzi za kivinjari cha Netscape, 1995, na limeachwa lilivyo ili kurasa za zamani zisivunjike.

Wanasema == na === ni yaleyale. Jaribu: "" == 0 ni kweli, "0" == 0 ni kweli, lakini "" == "0" si kweli. Aina zikitofautiana, alama mbili huzigeuza kwanza, ndipo zilinganishe. Tatu hukataa papo hapo aina zikitofautiana.

Basi, wanasema, weka === kila mahali ulale usingizi. Hapa ndipo mimi hugomba. Kisanduku cha fomu hukupa maandishi, hata ukikiandikia type="number". Mteja akijaza 10 hapa na 9 pale, "10" < "9" itakuwa kweli, kwa kuwa maandishi hupangwa kama kamusi na 1 hutangulia 9. Kwenye < hakuna === ya kukuokoa. Ukijumlisha "10" + 5 unapata "105" (kosa kama hilo liliwahi kunilia jioni nzima). Geuza kwa Number() mlangoni kabisa, ukikumbuka kwamba kisanduku kitupu huwa 0, na neno "kumi" huwa NaN, kitu kisicholingana hata na nafsi yake. Hicho kiulizie kwa Number.isNaN().

Tena [1] === [1] si kweli: hizo ni orodha mbili, japo zina sura moja.

La mwisho, eti JavaScript haijui hesabu kwa sababu 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Python na Java hutoa jibu hilohilo. Zote zinafuata kanuni za IEEE 754, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu za 0 na 1 pekee. Unayetengeneza duka la mtandaoni, tunza bei kwa senti: 1050, si 10.50.